Sifuri Chini ya Kijiko cha Kwanza

Kwa miaka ishirini na miwili, kila siku ya kazi saa nne kamili asubuhi, mama mmoja aitwaye Wytske na bwana mmoja aitwaye Haije waligombana. Haukuwa ugomvi wa kununiana. Ulikuwa ugomvi wa kahawa: kikombe kimoja, biskuti moja tu kwa kila mtu, bati lake linafunikwa, kisha vita vinaanza. Wenzao wa ofisi ya maji pale Sneek, mji mdogo wa Uholanzi, walikuwa wanasogeza viti wapate kusikia vizuri, maana redio haikuwa na kipindi kitamu kama kile.

Walichogombania kingemtia usingizi mtu mwingine yeyote. Wote wawili walikuwa watunga programu, na kazi yao ilikuwa kuandika zile programu fupi fupi za mistari thelathini au hamsini, ambazo asubuhi unaziandika na mchana zimeshaanza kazi. Moja inakusanya vipimo vya maji ya mifereji, moja inavichambua, moja inaiambia pampu iamke kabla mashamba hayajageuka ziwa. Programu za namna hiyo huandikwa kwa lugha nyepesi, lugha za kutumwa tuseme, na lugha hizo ziko nyingi, na kila moja ina mashabiki wake wasioambilika. Haije alikuwa mtu wa Perl. Wytske alikuwa mtu wa Python.

"Hiyo Perl yako," Wytske angeanza, akipuliza kahawa, "mtu akiifungua asubuhi anadhani kuku amekanyaga wino akapita juu ya karatasi. Alama tupu! Dola, asilimia, mabano, nukta. Maneno yako wapi?"

"Na hiyo Python yako ni mama mkwe," Haije angejibu. "Nikisogea nafasi moja kushoto, inalalamika. Nikisogea kulia, inalalamika. Mimi ni mtu mzima, nitaanza mstari wangu ninapotaka."

"Ndiyo maana atakayerithi kazi yako atalia."

"Atalia kwa raha. Mstari mmoja wangu ni kumi na miwili yako."

"Mstari mmoja ambao mwezi ukiisha hata wewe mwenyewe huuelewi!"

Haije alikuwa Mfrisia halisi, mtu wa jimbo lile la kaskazini mwa Uholanzi, na Python ilizaliwa Amsterdam. Alisema hakuona sababu ya watu wa Amsterdam kumpangia mahali pa kuanza mstari wake, wakati hata namna ya kuteleza kwenye barafu bado hawajaijua vizuri. Hapo watu walicheka, na Wytske, ambaye naye alikuwa Mfrisia, alicheka akijificha nyuma ya kikombe.

Lakini silaha yake kubwa Wytske aliiweka mwisho. Katika Perl kuna alama moja, ya dola ikifuatwa na kistari cha chini, ambayo maana yake ni kile kitu ulichonacho mkononi sasa hivi, chochote kile, hakina haja ya jina. Haije aliipenda mno. Aliimwaga kila mahali.

"Hicho ni nini?" Wytske alikuwa akiuliza, kidole kwenye skrini.

"Hicho ni hicho."

"Kipe jina, bwana! Kiite kipimo, kiite pampu, kiite hata shangazi yako."

"Kitu kiko mkononi mwangu, ninakiona. Jina la nini?"

"Mimi sikioni!"

"Basi potelea mbali," alisema Haije, na hapo ndipo kahawa ilikuwa imekwisha. Kila siku ilikwisha hivyo.

Jambo moja tu walikubaliana. Lugha zao zote mbili zinahesabu vitu kuanzia sifuri: kitu cha kwanza kwenye foleni ni namba sifuri, cha pili ni namba moja. Walikuwa wameizoea tabia hiyo hadi imewaingia mwilini. Kabati lao la mafaili lilikuwa na droo sita, na Haije alizibandika namba kuanzia sifuri mpaka tano, na mfanyakazi mgeni akiambiwa achukue karatasi droo ya kwanza alifungua yenye namba moja, akarudi na karatasi za watu wengine. Walimcheka pamoja. Waliicheka pamoja pia Lua, lugha ndogo kutoka Brazili waliyoitumia mara moja kwenye kifaa fulani cha pale mlango wa maji, kwa sababu Lua huanza na moja, kama mama anayehesabu nyanya.

Aprili kiharusi kikamwangusha Haije mbele ya kabati lile lile.

Alipona, kwa jinsi watu wanavyosema kupona. Mguu ulirudi. Mkono wa kulia ulibaki umelala kifuani, hauna habari na mtu. Na maneno yakamkimbia. Si kwamba alikuwa haelewi. Alielewa kila kitu, hata mzaha. Lakini akitaka kusema kijiko, mdomo ulifunguka na kijiko hakikutoka. Alibakiwa na maneno ya kuhesabika: ndiyo, hapana, hicho. Na potelea mbali, ambayo ilitoka nzima, safi, na maringo yake yote. Madaktari walisema si ajabu, maneno ya hasira mara nyingi husalimika. Wytske alimshukuru Mungu kwa hasira za Haije.

Sasa ilikuwa Septemba, na Alhamisi ya tarehe kumi na nane daktari wa kazini angekata shauri: ama Haije arudi ofisini kwa majaribio, ama faili lake lifungwe na aandikwe mtu asiyeweza kazi tena. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Hakuoa. Alikuwa na nyumba nadhifu ya matofali, baiskeli mbili na saa saba za ukutani ambazo hazikukubaliana hata siku moja. Maisha yake mengine yote yalikuwa pale penye kabati la droo sita. Wytske alijua kwamba faili likifungwa, Haije atakaa dirishani akiangalia mvua mpaka mwisho wake, na hatalalamika, kwa sababu hata neno la kulalamikia hana.

Na yeye je? Angekunywa kahawa na nani? Wytske alikuwa mjane wa miaka sita. Siku mumewe alipozikwa watu walileta maua na kadi zenye maneno mazuri. Haije hakuleta kitu. Wytske aliporudi kazini, saa nne, kila mtu alikwishachukua biskuti yake na bati limefunikwa, Haije akanyoosha mkono akalifungua bati tena. Akatoa biskuti ya pili, akaiweka kando ya kikombe cha Wytske, akafunika. Katika ofisi ile jambo hilo halikuwahi kutokea kabla wala baada. Wytske aliililia biskuti ile kuliko alivyolia makaburini. Tangu siku hiyo alimpenda Haije, akaendelea kumtukania lugha yake kila asubuhi kama kawaida.

Basi tangu mwanzo wa mwezi huo, kila Jumanne saa nane mchana, alipanda baiskeli akaenda kwake na mkate wa sukari kwenye kikapu na kompyuta ndogo begani. Alikuwa na swali moja. Kwa miaka ishirini na miwili walizilinganisha lugha zile kwa ubishi tu, kwa kutafuta cheko. Sasa alitaka kujua kweli: ni ipi itakayomkubali mtu mwenye mkono mmoja na maneno matatu?

Bila shaka alianza na Python.

"Usininunie," alimwambia akimkatia mkate. "Najua ni mama mkwe. Msalimie tu."

Haije alisoma. Na alisoma vizuri, Wytske aliona, maana Python hupanga mistari yake kwa ngazi, kilicho ndani kinaingia ndani, na kidole cha Haije kilishuka ngazi zile moja moja bila kuteleza. Mkono wa kushoto peke yake ulitosha, kwa sababu alama ni chache. Wytske akaanza kutabasamu mapema. Kisha Haije akatakiwa aandike mwenyewe, na hapo Python ikadai majina. Kila kitu kinataka jina. Haije aliandika k, akasimama. Kipimo hakikuja. Alijaribu pampu, ikaja p, ikaja m, ikakwama.

"Weka herufi yoyote tu, bwana. Weka a."

Akaweka a, halafu b, halafu c. Alipofika mstari wa kumi, hakukumbuka tena c ilikuwa nini. Aliitazama kwa muda mrefu, jasho jembamba likimtoka, kisha akaisukuma kompyuta pembeni.

"Potelea mbali."

"Haya," alisema Wytske. "Mama mkwe amesikia."

Wiki iliyofuata alileta Bash, lugha ya kuiamrisha kompyuta moja kwa moja. Amri zake ni fupi, herufi mbili, tatu, nne, na mkono wa kushoto ulifurahi. Haije aliandika haraka, hata akaanza kupiga mluzi. Lakini Bash ina ubaya wake: haiulizi. Ukiipa amri ya kijinga inaitekeleza kimya kimya, haiguni wala haikohoi. Haije alitaka kufuta faili moja la zamani. Kidole kikabonyeza nafasi tupu mahali ambapo haikutakiwa, na folda nzima ya mazoezi ikatoweka, pamoja na yale yote aliyoyatolea jasho wiki ile.

Skrini haikusema kitu. Haije akaondoa kidole kwenye kibodi. Machozi yakamshuka hadi kidevuni, na Wytske, ambaye hakuwahi kumwona akilia, alishika kisu cha mkate asijue akiweke wapi.

"Ni mazoezi tu, Haije. Ni karatasi ya kuchezea."

"Hicho," alisema Haije.

"Kipi?"

"Hicho. Hicho. Hicho!" Alikuwa akipiga meza kwa kiganja, macho yamemkazia Wytske kama anayemwambia jambo ambalo hata mtoto angelielewa.

Wytske alitazama mkate, akatazama siagi, akatazama dirisha. Kisha akaketi polepole.

"Wataka Perl," alisema.

"Ndiyo!"

Na kweli, kwa nini hakuiona? Ile alama aliyoitukana miaka yote, kile kitu kisicho na jina, ndiyo lugha pekee aliyobakiwa nayo Haije. Alikuwa anaongea Perl tangu Aprili, na wao wote walidhani hana la kusema. Wytske aliifungua. Haije akaandika: hicho, kipime. Hicho, kikizidi, kiweke huku. Hakuna jina hata moja. Dola likisimama mbele, ni kitu kimoja. Alama nyingine ikisimama mbele, ni vitu vingi. Haikumlazimu kukumbuka, alama yenyewe ilimkumbusha. Mistari mitatu, yote sahihi.

Ila ilimchukua saa nzima. Kila moja ya alama zile inataka vidole viwili mbali mbali, kimoja kikandamize hapa na kingine kibonyeze kule, na Haije alikuwa na mkono mmoja. Kiganja kilipindapinda kama kaa. Mwisho kikashikwa na ganzi, wakaacha.

Jumapili ile Wytske hakwenda kwa dada yake. Alikaa na kibodi mezani, akaibadilisha mipangilio, ile safu ya juu itoe alama kwanza na tarakimu baadaye, ili dola na wenzake waje kwa kidole kimoja. Mabano akayahamishia upande wa kushoto. Akakata vibandiko vya rangi, akavibandika kimoja kimoja kwa kibano cha nyusi. Aliijaribu kwa mkono wa kushoto tu, wa kulia ameukalia, mpaka shingo ikamwuma. Siku nzima mwanamke huyu aliyezichukia alama zile kuliko mtu yeyote Sneek alizitafutia kila moja mahali pazuri pa kukaa.

Jumanne akaipeleka. Haije aliitazama safu ya juu, akamtazama Wytske, akaitazama tena.

"Usinitazame hivyo," alisema Wytske. "Bado ni mwandiko wa kuku."

Haije aliandika mistari tisa kwa dakika ishirini. Programu ikakubali mara ya pili. Alicheka kwa sauti, cheko lile lile la zamani, na saa za ukutani zikaanza kulia saa tisa, moja baada ya nyingine, kila moja kwa wakati wake. Lakini cheko lilipoisha alinyanyuka, akaenda kwenye droo ya jikoni, akarudi na bahasha. Alimpa Wytske huku ametazama pembeni.

Ilikuwa ripoti ya Marloes, yule binti wa kituo cha tiba anayewafundisha watu kusema upya. Ndiyo ambayo daktari wa kazini angeisoma keshokutwa. Kuelewa maongezi: vizuri. Kusoma: vizuri. Kuhesabu kwa mpangilio: hapana. Na chini yake maelezo: mgonjwa amewekewa vijiko vinne kwa mstari na kadi za tarakimu, ameombwa aweke namba ya kila kijiko kwa mpangilio, mara tano kati ya tano amekosea, haonekani kufaa kwa kazi inayohusu takwimu.

Wytske aliisogeza karatasi karibu na dirisha. Alisoma mstari wa mwisho mara tatu. Kisha akaona kitu kilichoandikwa kwa kalamu pembeni, kwa herufi ndogo za huruma: siku zote huanza na 0.

"Haije," alisema taratibu. Akachukua vijiko viwili vya chai, akaviweka mezani, na uma mmoja, na kisu cha mkate. "Hiki cha kwanza. Namba ngapi?"

Haije alikunja kidole gumba na cha shahada vikafanya duara. Uso wake ulisema, swali gani hilo?

"Sifuri," alisema Wytske. "Ndiyo, sifuri. Mbona hata mimi ningeweka sifuri!" Na alipolisema akashtuka, kwa sababu ilikuwa kweli. Akacheka hadi akalazimika kuushika ukingo wa meza, halafu cheko likageuka kilio na yeye mwenyewe hakujua liligeukia wapi. "Wewe mwanamume wewe. Wanataka kukufungia faili kwa sababu ya sifuri. Nimekukosa mno pale ofisini, unajua? Nimekukosa hata matusi."

"Ndiyo," alisema Haije, na akamsogezea kitambaa cha meza afute pua.

Kesho yake Wytske alimpigia simu Marloes.

"Mama Wytske, mimi siwezi kubadilisha matokeo ya mtihani," alisema binti yule kwa sauti ya adabu. "Mara tano, tena siku tofauti. Iliniuma hata mimi."

"Sikuombi ubadilishe, mwanangu. Nakuomba uje kesho, na vijiko vyako."

Alhamisi saa tatu na nusu walikaa wanne kwenye chumba cha mikutano kinachotazama mfereji. Daktari Brandsma alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na mbele yake lilikuwa lile faili. Haije alivaa shati jipya. Kifungo cha juu kilikuwa kwenye tundu la pili, maana alifunga mwenyewe kwa mkono mmoja na hakukubali kusaidiwa. Wytske alitamani kukirekebisha, akaikalia mikono yake.

"Bwana Haije," alisema daktari, "nitasema wazi, maana najua unanielewa. Karatasi hii inasema huhesabu sawasawa. Na kazi yenu ni vipimo. Maji yakipanda shambani kwa mtu, hatuwezi kumwambia tulikosea kidogo."

"Ndiyo," alisema Haije.

"Daktari, aulizwe tena mbele yako," alisema Wytske. "Kama alivyoulizwa."

Marloes alipanga vijiko vinne, akaweka bunda la kadi. Haije alizichambua kwa mkono wa kushoto. Chini ya kijiko cha kwanza, sifuri. Kisha moja, mbili, tatu. Marloes aliinamisha macho. Daktari aliandika kitu.

"Sasa," alisema Wytske, na akaweka mezani karatasi moja yenye mistari sita. "Haije, soma hii. Halafu upange tena."

Ilikuwa programu fupi ya Lua. Haije aliisoma kutoka juu hadi chini. Pembe ya mdomo wake, ile ya kushoto inayosikia amri, ikapanda. Alimtupia Wytske jicho, jicho la mtu aliyekumbushwa mzaha wa zamani, kisha akazikusanya kadi zote, akaitupa sifuri kando kama mtu anayetupa ganda, na akaweka chini ya kijiko cha kwanza: moja. Cha pili: mbili. Tatu. Nne.

Marloes aliziba mdomo kwa kiganja.

Wytske akaondoa karatasi ile, akaweka nyingine, ya Perl. Haije hakuisoma hata kidogo; aliiona tu alama yake akatabasamu. Sifuri, moja, mbili, tatu.

"Lugha zetu huanza na sifuri, daktari," alisema Wytske. "Yake na yangu. Hilo tu ndilo tumewahi kukubaliana. Hii nyingine ndiyo huanza na moja. Binti alimwuliza swali la nyumbani, yeye akamjibu kikazi. Hakukosea mara tano. Alipata mara tano."

Daktari Brandsma hakuwa mtu wa kuyumbishwa na machozi ya wengine. Alivua miwani, akazikusanya karatasi zote mezani akaziweka sakafuni, akavibwaga vijiko ovyo, na akaongeza kalamu yake na ufunguo wa gari.

"Hakuna lugha hapa," alisema. "Hapa ni jikoni kwa mama yangu. Bwana Haije, vitu hivi ni vingapi?"

Haije alitazama. Midomo yake ilijaribu neno, ikaliacha. Wytske kwa mara ya kwanza siku ile aliogopa kweli, kwa sababu hapa hakuwa na karatasi ya kumsaidia. Mkono wa kushoto ukapita juu ya kadi, ukasita, ukachukua sita.

Vilikuwa sita.

"Mungu wangu," alisema Marloes, "na mimi nilimwandikia…" Hakumaliza. Haije alinyoosha mkono akampigapiga begani, kama anayemwambia hapana, hapana, basi.

Daktari alivaa miwani yake. Aliligeuza faili, akaandika kwa muda, na kila mtu alisikiliza kalamu.

"Asubuhi mbili kwa wiki, kwa muda wa saa mbili kila asubuhi," alisema hatimaye. "Pampu zenyewe huzigusi, unafanya kwenye nakala ya programu tu. Mama huyu anasoma kila mstari kabla haujaenda popote. Baada ya miezi mitatu tunakaa tena. Umekubali?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Watu wengine huhitaji muda wa kujiandaa, wiki moja, hata mbili. Hakuna haraka. Niandike utaanza baada ya siku ngapi?"

Haije aliinama juu ya kadi. Zilikuwa zimetawanyika, nyingine zimeanguka chini ya vijiko, na alizipekua moja moja bila papara, akizigeuza, akizirudisha. Ile aliyoitaka ilikuwa imekwenda mbali, pale alipokuwa ameitupa yeye mwenyewe. Aliiokota. Akaitelezesha juu ya meza mpaka mbele ya daktari, akaondoa kidole.

Sifuri.

Daktari Brandsma aliitazama kadi ile. Akamtazama Wytske, aone kama hilo nalo ni suala la lugha. Lakini Wytske alikuwa ameugeukia mfereji na mabega yake yanatikisika.

"Leo?" aliuliza daktari.

"Ndiyo," alisema Haije.

Saa ya ukutani ilikuwa nne kasoro dakika sita. Walishuka ngazi polepole, Haije akishika reli, Wytske akiwa ngazi moja chini yake ili akiteleza aangukie mgongoni mwake. Penye kabati la droo sita viti vilikuwa tayari vimeanza kusogea. Habari zilishafika, kama zinavyofika katika ofisi yoyote. Kibodi yenye vibandiko ilikuwa mezani kwake. Wytske alikuwa ameiweka asubuhi na mapema, kabla hajajua lolote, akajiambia kwamba ni kwa sababu hana mahali pengine pa kuiweka.

Kahawa ikamiminwa. Biskuti moja moja, bati likafunikwa. Haije aliiwasha kompyuta, akaifungua nakala, akaandika mstari mmoja kwa kidole kimoja. Dola, kistari cha chini. Wytske aliinama juu ya bega lake, akapuliza kahawa yake, akaweka kidole kwenye skrini. Watu wakasogeza viti karibu zaidi.

"Hicho ni nini?" aliuliza.

Haije aliutazama mstari wake. Akamtazama yeye.

"Potelea mbali," alisema, nzima, safi, na maringo yake yote.

Ofisi nzima ililipuka kwa vicheko. Wytske naye alicheka, macho yamemjaa machozi, kisha akanyoosha mkono, akalifungua bati kwa mara ya pili, akaiweka biskuti kando ya kikombe cha Haije.